Eti Lamu ni Matope Tu

Kila Desemba ikikaribia, hapa Nairobi ubishi unaanza upya: sehemu gani ya Kenya ina mandhari bora? Mmoja anaipigia debe Mara na nyumbu wake (tunaowagawana na Watanzania, ila hilo halitajwi). Mwingine Mlima Kenya, mwingine Turkana. Pwani inapewa Diani, basi. Juzi nikataja Lamu, jamaa mmoja wa ofisini akacheka: "Ukitoka Shela, kule si ni matope tu?"

Mimi mtu wa Pate. Nasema bila haya, matope hayo yanawashinda nyote.

Panda boti ya Faza uone. Ukifika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, nahodha anapunguza mwendo, maana maji yakishatoka mnakwama hadi yajae tena. Kulia mikoko, kushoto mikoko. Hakuna anayepiga picha. Mama uliyekaa naye amesinzia. Lakini zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii. Boriti zinazobeba dari za Mji wa Kale, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni miti ya mikoko. Kaa unayeagiza hotelini amekulia kwenye tope hilohilo. Na vile vilima vya mchanga vya Shela unavyopanda kupiga selfi? Chini yake ndiko yanakotoka maji ya kunywa ya mji.

Utasema nakasirikia mambo ya picha. Hapana. Mahali pasipohesabiwa huonekana patupu, na patupu hutafutiwa kazi. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulipotafutiwa mahali, ikachaguliwa Kwasasi, ukingoni mwa Manda Bay. Watu wa Lamu wakapambana miaka, mpaka Juni 2019 leseni ya mazingira ikafutwa. Hebu fikiria bomba lile la moshi limepangwa kusimama kando ya Mto Mara. Nchi nzima ingelala barabarani. Letu wengi wenu mlilisikia likiwa limeshaamuliwa.

Kwa hiyo yule jamaa nimemwalika. Ameuliza boti inaondoka saa ngapi. Nimemwambia inategemea maji.