Tiketi yasema saa saba, safari ni saa 15

Si ajabu siku hizi kumpata mzazi wa Ruiru au Thika aliye na mtoto Marekani. Siku ya kumtembelea ikikaribia, swali la kwanza huwa nauli. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni hili: safari yenyewe ni ya saa ngapi?

Hebu itazame tiketi. Tuseme ndege inaondoka Nairobi saa tano usiku na kufika New York saa kumi na mbili asubuhi. Ukihesabu kwa vidole utapata saa saba, kama basi la usiku la Mombasa. Lakini tiketi huonyesha saa za kila mji. Wakati wa baridi, New York huwa nyuma yetu kwa saa nane. Ziongeze kwa zile saba, utapata saa 15. Huo ndio muda wa kukaa kitini.

Umbali ni karibu kilomita 11,800. Ndege kubwa hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, hivyo ungetarajia saa 13 na kidogo. Zilizobaki huliwa na kupaa, kutua na upepo mkali wa angani uvumao kutoka magharibi. Uendapo hukupinga, urudipo hukusukuma. Ndiyo sababu kurudi huchukua kama saa 14.

Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari hiyo ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018. Anayebadilisha ndege Amsterdam, kwa mfano, husafiri karibu kilomita 6,700 hadi huko na nyingine 5,900 kuvuka Atlantiki, mbali na saa za kungoja.

Isitoshe, kuna kutoka Ruiru kupitia Eastern Bypass, na kufika uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Mama aliyefunga mlango wake saa moja jioni atabisha kwa mwanawe zaidi ya saa 20 baadaye.

Kwa mzee, hesabu hii ni afya. Dawa zake ziwe mkobani, si ndani ya sanduku. Mwenye kisukari au presha amwulize daktari mapema atakavyozimeza, kwani saa ya ukutani itabadilika njiani. Kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni, basi na ainuke atembee mara kwa mara, na anywe maji.

Nanyi mnaobaki, chungeni simu. Saa tatu asubuhi hapa, huko ni saa saba usiku, mwanafunzi amelala. Mpigie saa tatu usiku, kwake itakuwa saa saba mchana. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, tofauti hupungua kuwa saa saba.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kulipa nauli, mwulize wakala: ni saa ngapi angani, na ngapi za kungoja?