Huruma haikupiga ngoma zile

Mwandishi wa makala ya juma lililopita anasema mtu asiyeona asaidiwe kwanza, habari ya kipaji chake ingoje. Nampinga. Aje huku Ulemo, wilayani Iramba, aulize habari za Mzee Morris Nyunyusa. Mzee yule, asiyeona, alijizungushia ngoma nyingi akazipiga zote peke yake, na mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, ukajulikana nchi nzima. Redio ilitaka ufundi wake, ikaupata. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu, angalau asilimia 3. Hiyo si sadaka. Gazeti la mwandishi huyo limeajiri wangapi?