Harusi ya Ugenini na Wajibu wa Mwenyeji

Mwaliko wa harusi, uliokuwa zamani ukipelekwa kwa mdomo nyumba kwa nyumba, siku hizi humfikia mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ndani ya simu yake, ukimjulisha kwamba mwana wa ndugu yake, aliyelelewa Marekani, ataoa si katika mji wake, wala si katika mji wa mchumba wake, bali Florida, katika mojawapo ya mahoteli yaliyozunguka bustani za burudani za Walt Disney World, karibu na Orlando. Wapo wanaousoma mwaliko huo kwa furaha, na wapo wanaousoma kwa ghadhabu, wakidai kuwa ndoa imegeuzwa mchezo wa watoto. Mimi si wa kundi hili wala lile. Kukilaumu kitu kwa kuwa ni kigeni ni kazi nyepesi isiyo na thawabu, na kukisifu kwa kuwa kinang'aa nako si busara. Baina ya lawama na sifa liko swali moja ambalo naona halijaulizwa ipasavyo, nalo ni hili: mgeni aliyeitwa harusini afikapo huko, nani mwenyeji wake?

Mahali penyewe pana fahari isiyokanika. Ardhi yake, yenye ukubwa wa kiasi cha maili 40 za mraba, ilinunuliwa kwa siri katikati ya miaka ya 1960 kwa majina ya kampuni nyingine, ili wauzaji wasijue nani mnunuzi wakapandisha bei. Na Walt Disney, aliyeibuni kazi hiyo, alifariki Desemba 1966 kabla hajaiona, kwa maana milango ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Tangu 1991 kampuni hiyo imeifanya harusi kuwa sehemu ya biashara yake, na mwaka 1995 ikafungua ukumbi maalumu wa kufungia ndoa juu ya kisiwa kidogo, katika ziwa lililochimbwa na watu, ukumbi ambao dirisha lake limeelekezwa kwa makusudi kwenye kasri la Cinderella, lenye kimo cha futi 189, ili maharusi wasimamapo mbele ya hadhara waonekane kasri likiwa nyuma yao. Anayetaka uzuri wa kutazamwa, huko ataupata, wala hatadanganywa.

La ajabu zaidi kwetu sisi watu wa pwani ni kwamba katika bustani ya wanyama iliyofunguliwa hapo hapo mwaka 1998 umejengwa mji mdogo uitwao Harambe, uliosawiriwa kwa kufuata Lamu, na kuta zake zimepakwa chokaa kisha zikachakazwa kwa makusudi ili zifanane na kuta zilizokula chumvi ya bahari kwa karne nyingi. Mafundi walioifanya kazi hiyo wanastahili heshima, kwa sababu walisafiri, wakatazama, wakajifunza. Lakini mtu wa Lamu akipita hapo ataona upesi kitu ambacho fundi hawezi kukinakili. Katika Lamu ya kweli nyumba huanza barazani, na baraza haikujengwa kwa ajili ya kupamba mlango, bali kwa ajili ya mtu aketiye juu yake, ambaye mgeni akitokea humwuliza ametoka wapi, ni wa nani, na amekula nini. Ukuta umenakiliwa, mwenye nyumba hakunakiliwa, wala hanakiliki.

Basi na tumfuate mgeni huyo kutoka uwanja wa ndege. Amekaa angani saa nyingi, amebadilisha ndege katika miji asiyoijua, na sasa amesimama na masanduku yake huku akisoma vibao. Basi la bure lililokuwa likiwachukua wageni wa mahoteli hayo kutoka uwanjani liliondolewa mwanzoni mwa 2022. Kwa hiyo atafute teksi mwenyewe. Akifika asubuhi, ataambiwa kwa upole kwamba vyumba hutolewa saa tisa alasiri. Akitaka, atauziwa mkanda wa mkononi, hikima ya kisasa, ambao hufungua mlango wa chumba, humpitisha langoni, na humlipia chakula bila ya yeye kushika fedha. Na akitaka kuingia bustanini pamoja na wenziwe, tiketi ya siku moja hupita dola 100. Watumishi watamtabasamia, na tabasamu lao si la kubezwa, maana wengi ni watu wa adabu waliofunzwa kazi yao vizuri. Walakini hakuna hata mmoja kati yao ajuaye kwamba mama huyu ndiye shangazi mkubwa wa bwana harusi, ndiye aliyemwogesha alipozaliwa, na kwamba kwa desturi asingekaa kitini kabla hajaamkiwa na nusu ya ukoo. Aliondoka kwao hali ni mgeni, akafika hali ni mnunuzi.

Kwetu mambo yalipangwa kinyume cha hayo. Harusi ikikaribia, majirani walitoa vyumba, mikeka ikatandikwa, na wageni wakagawanywa kila mtu kwa aila inayomjua. Wanawake wakachambua mchele pamoja, bibi harusi akasingwa na kutiwa hina, na mgeni wa Tanga au wa Unguja akajikuta ana kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji alipona kwa mikono ya wageni wake, nao wakapona kwa chakula chake.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba desturi hiyo haikuwa pepo. Watu wamekopa, wamejionyesha, wamefanya israfu. Na leo, Tanzania bara hasa, kamati za harusi hukusanya michango ambayo humtoa jasho mfanyakazi wa mshahara mdogo, hata akaogopa kupokea simu. Atauliza msomaji, nauli ya Florida ina tafauti gani na mchango huo? Tafauti ni kubwa. Mchango huzunguka: leo nakutolea wewe, kesho mwanangu akioa utanitolea mimi, na fedha ikizunguka huacha nyuma yake deni la udugu. Nauli na kodi ya chumba hazizunguki. Huenda kwa shirika la ndege na kwa mwenye hoteli, ambao hawatakuja kwangu siku ya harusi wala ya msiba.

Wanaoitetea harusi ya mbali wana hoja nzito, nami sitaikwepa. Husema kwamba aila zetu zimekwisha tawanyika, huyu Muscat, huyu London, huyu Toronto, na kwamba popote harusi itakapofanywa, wengi watasafiri. Basi kwa nini wasisafiri hadi mahali ambapo watoto watafurahi na wakubwa watapumzika? Huongeza kwamba mji usio wa yeyote huwaepusha maharusi na mashindano ya pande mbili za ukoo. Yote hayo ni kweli. Ila kutawanyika hakukuwafika wote kwa kiasi kimoja. Mwenye pasipoti ya Uingereza aghalabu hujaza fomu ya intaneti akapanda ndege. Bibi wa Pemba hana budi aende Dar es Salaam kuhojiwa ubalozini, alipe ada ambayo mwaka 2023 ilipandishwa hadi dola 185, na akinyimwa viza ada hairudishwi. Kwa hiyo mji usio wa yeyote huwa, kwa vitendo, mji wa wenye pasipoti njema, na watakaokosekana ni wale wale ambao dua zao maharusi walizihitaji kuliko za wengine.

Nasaha yangu kwa vijana wetu ni hii. Kwanza, nikahi ifungwe walipo wazee, na bustani iachiwe karamu na fungate. Sheria ya dini inamruhusu bwana harusi kumweka wakili, na walii wa bibi harusi vile vile, basi umbali si udhuru. Pili, mwaliko utaje gharama yote kwa uwazi, ya chumba, ya tiketi na ya chakula, kabla mtu hajatoa ahadi. Na asiyeweza kwenda asiulizwe mara mbili, wala asidaiwe zawadi badala ya nafsi yake. Tatu, wazee watakaokwenda walipiwe malazi na walioalika, hata kama kwa ajili hiyo itabidi kupunguza maua na wapiga picha. Nne, na hili ndilo kubwa, pawe na mtu wa aila uwanjani kumlaki kila mgeni kwa jina lake, na pawe na mlo mmoja uliopikwa na jamaa wenyewe, kwani baadhi ya makazi huko yana majiko, ili mgeni apate kula chakula kisichotiwa katika hesabu ya mkanda wake.

Atakayeweza kuyatimiza hayo na aite watu popote duniani, nasi tutakwenda kwa furaha tukiwa na kanzu zetu na buibui zetu. Asiyeweza, na afanye harusi yake kwao, au aende Florida na mkewe peke yao. Na hapo hatakuwa amemkosea mtu yeyote, wala hatanung'unikiwa.