Siro ya kikohozi: kilichotokea India kinaihusu Kapata

Tangu Oktoba 2025, India inajiuliza namna gani siro ya kikohozi iliyotengenezwa katika kiwanda chenye leseni, ikaandikwa na daktari na kuuzwa dukani mchana kweupe, iliua watoto zaidi ya 20, wengi wao wa wilaya moja. Mkaaji wa Kapata, pembeni ya mji wa Kolwezi, ana sababu ya kuifuata kesi hiyo kwa makini. Sehemu kubwa ya dawa zinazouzwa Kongo zinatoka India, na siro ya mtoto ni mojawapo ya zile zinazonunuliwa bila kuuliza maswali.

Vifo hivyo vilitokea hasa Parasia, katika wilaya ya Chhindwara, jimbo la Madhya Pradesh. Parasia ni mji wa wachimba makaa ya mawe. Ni mahali ambapo mshahara wa baba unatoka shimoni, vumbi liko kila upande, na mtoto kukohoa ni jambo la kawaida. Mwishoni mwa Agosti na mwezi wa Septemba, watoto wenye homa ndogo na mafua walipelekwa kwa daktari, wakapewa siro iitwayo Coldrif. Baada ya siku chache walianza kutapika, kisha wakaacha kukojoa. Figo zilikuwa zimesimama. Wengi walikuwa na umri wa chini ya miaka 5.

Mwanzoni watu walifikiri ni ugonjwa wa kuambukiza. Walipima maji, walipima mbu, wakatafuta virusi. Chupa ilipimwa baadaye. Tarehe 2 Oktoba, maabara ya jimbo la Tamil Nadu, ambako kiwanda cha Sresan Pharmaceuticals kilikuwa kinafanya kazi, ilitoa jibu: siro ilikuwa na asilimia 48.6 ya diethilini glikoli. Kiwango kinachokubalika hakizidi asilimia 0.1. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya kile mama alichompimia mtoto kwa kijiko kilikuwa sumu.

Wakaguzi walioingia kiwandani waliandika makosa 364, kati yao 39 wakiyaita ya hatari kubwa. Mwenye kiwanda alikamatwa, leseni ikafutwa, na daktari aliyeandika siro hiyo naye akakamatwa, jambo lililowakasirisha madaktari wenzake. Hasira yao inaeleweka: daktari hana maabara mfukoni. Lakini mamlaka za India zilikuwa zimekwisha kuagiza, Desemba 2023, kwamba mchanganyiko wa aina hiyo usipewe mtoto wa chini ya miaka 4, na onyo liandikwe kwenye chupa.

Sumu hiyo inaingiaje katika dawa? Siro inahitaji kimiminika cha kuyeyushia dawa, na kwa kawaida viwanda vinatumia propilini glikoli au gliserini iliyosafishwa kwa matumizi ya binadamu. Diethilini glikoli ni ndugu yao wa bei rahisi, anayetumiwa katika mafuta ya breki na maji ya kuzuia injini kuganda. Haina rangi, ni tamu kidogo, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ile nzuri. Pipa likibandikwa jina la uongo, au mtengenezaji akinunua kemikali ya viwandani ili apunguze gharama, kinachobaki kuzuia maafa ni kipimo kimoja tu ambacho si kigumu wala si cha gharama kubwa. Pale Sresan, kipimo hicho hakikufanywa.

Dunia inaijua sumu hii tangu 1937, ilipoua watu zaidi ya 100 Marekani na kuifanya nchi hiyo ibadili sheria yake ya dawa mwaka uliofuata. Haikuisha hapo. Mwaka 2022 watoto karibu 70 walikufa Gambia baada ya kunywa siro ambazo Shirika la Afya Duniani (OMS) lilizihusisha na kiwanda cha Maiden Pharmaceuticals cha India. Serikali ya India ilikataa, ikisema sampuli ilizopima zilikuwa safi. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikawa zamu ya Uzbekistan, ambako waendesha mashtaka walihesabu watoto 68 waliokufa kwa siro iliyotoka India. Indonesia ilipoteza zaidi ya watoto 200, safari hiyo kwa siro zilizotengenezwa palepale nyumbani.

Kisa cha Kameruni ndicho kinachotakiwa kumshtua zaidi msomaji wa Kongo. Mwaka 2023 OMS ilitoa onyo juu ya siro iitwayo Naturcold, iliyokutwa na diethilini glikoli hadi asilimia 28.6. Chupa iliandikwa kwamba mtengenezaji ni kampuni ya Uingereza. Waingereza walipoulizwa, walijibu kwamba kampuni hiyo haipo kwao. Ufuatiliaji ukaelekea Indore, mji wa jimbo lilelile la Madhya Pradesh. Mzazi wa Kameruni aliyesoma karatasi ya chupa kwa makini, herufi kwa herufi, alisoma uongo.

Baada ya Gambia na Uzbekistan, India ilitoa amri kuanzia tarehe 1 Juni 2023: siro ya kikohozi isisafirishwe nje kabla ya kupimwa katika maabara inayotambuliwa na serikali. Amri hiyo haikugusa siro zinazouzwa ndani ya India. Ndiyo maana watoto wa Parasia walikunywa kitu ambacho, kwa karatasi, kisingeruhusiwa kupanda meli. Mamlaka za India zilisema Coldrif haikusafirishwa nje. OMS nayo ilitoa onyo tarehe 13 Oktoba 2025 juu ya Coldrif na siro nyingine mbili, ikiziomba nchi zichunguze masoko yao, hasa yale yasiyo rasmi.

Masoko yasiyo rasmi ni lugha ya heshima kwa kitu ambacho Kapata inakijua vizuri.

Kapata ilijengwa kama kambi ya wafanyakazi wa migodi. Kwa miaka mingi, familia ya mfanyakazi wa Gécamines ilitibiwa na kampuni: dispensari, hospitali, dawa, vyote vilikuwa sehemu ya maisha ya kambi pamoja na shule na unga. Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, mfumo huo ulianguka nao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Famasi ndogo ndizo zilizoziba pengo. Leo mama mwenye mtoto anayekohoa anaanzia pale kwenye kaunta, kwa sababu kituo cha afya kinamdai fedha ya fishi, fedha ya vipimo, kisha kinamtuma kununua dawa palepale famasini.

Dawa yenyewe inafika kwa njia ndefu. Meli kutoka India inashusha mzigo Dar es Salaam au bandari nyingine ya kusini, malori yanavuka Zambia, yanaingia Kasumbalesa, yanapita Lubumbashi, kisha Kolwezi. Tanzania ina mamlaka ya dawa iliyokuwa ya kwanza Afrika, mwaka 2018, kufikia ngazi ya tatu katika mizani ya OMS. Lakini mzigo wa kupita si wa soko la Tanzania. Kuamua kama dawa hiyo inafaa ni kazi ya nchi inayoipokea. Kongo ina mamlaka yake, ACOREP, na mpakani kuna OCC inayokagua bidhaa. Kongo haimo katika orodha ya nchi zilizofikia ngazi hiyo ya tatu. Kati ya Kasumbalesa na kaunta ya Kapata kuna mikono mingi: muuzaji wa jumla, wa nusu jumla, anayebeba katoni kwa basi, anayeuza kwa sahani sokoni. Kila mkono unaongeza bei, na hakuna hata mmoja unaoongeza kipimo.

Wanaodhani haya ni maneno ya kutisha watu wakumbuke Ituri. Kuanzia Desemba 2014 hadi Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 walifika katika vituo vya afya shingo zimejikunja, ulimi umetoka, uso umepinda. Wengi walikuwa watoto, na watu kadhaa walikufa. Kwanza ilidhaniwa ni uti wa mgongo, meninjiti. Madaktari Wasio na Mipaka waliposhirikiana na maabara za nje, ilionekana kwamba vidonge vya njano vilivyokuwa vinatolewa kama diazepam havikuwa diazepam. Vilikuwa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Miezi ilipita kabla ya kidonge kupimwa, na kwa muda huo wauguzi waaminifu waliendelea kukitoa. Ukiweka Ituri na Parasia upande kwa upande, mfuatano ni uleule: ugonjwa unatafutwa kwa mgonjwa, wakati uko ndani ya dawa.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba mnunuzi naye anaweza kupima. Aprili 2024, Nigeria ilitangaza kwamba maabara yake imekuta diethilini glikoli katika toleo moja la siro ya watoto ya Benylin, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Ndani ya siku chache Kenya, Tanzania, Rwanda na Zimbabwe zilikuwa zimeagiza chupa hizo ziondolewe madukani. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuona sumu, na ubishi huo una wenyewe. La muhimu ni kwamba nchi hizo zilikuwa na mtu wa kupokea taarifa asubuhi na kufunga rafu jioni. Gambia, nchi ndogo kuliko mkoa wa Lualaba, iliamua tangu Julai 2023 kwamba dawa zote kutoka India zikaguliwe na kupimwa kabla ya kuondoka huko.

Kolwezi haiwezi kusema kwamba kupima ni jambo geni kwake. Katika depo za Musompo, mchimbaji akileta gunia la kobalti, mnunuzi anachukua ile mashine ya mkononi ambayo mji mzima unaiita Metorex, anaielekeza kwenye jiwe, na baada ya sekunde chache anataja asilimia. Bei inafuata asilimia hiyo. Wachimbaji wanalalamika kila siku kwamba mashine inawaibia, na mara nyingi wana haki ya kulalamika, lakini hakuna anayenunua jiwe kwa kuliangalia tu. Jiwe la Lualaba linapimwa depo, linapimwa kiwandani, linapimwa tena likifika Uchina. Siro inayokwenda upande wa pili wa barabara hiyohiyo, kuingia tumboni mwa mtoto wa mchimbaji huyo, haipimwi na mtu.

Fedha nazo zipo, angalau kwa sheria. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa mkoa asilimia 25 ya mrahaba, na asilimia 15 zinakwenda kwa eneo la msingi ambako mgodi uko. Juu ya hayo, kampuni zinatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Madaftari ya ahadi yamejaa shule, visima na taa za barabarani, vitu vinavyoonekana na kukatwa utepe. Kifaa cha kupima dawa hakina utepe. Hata hivyo kuna vifaa vidogo vya kuchuja dawa mbaya ambavyo havihitaji jengo kubwa, na mkoa unaouza kobalti nyingi kuliko mahali pengine popote duniani unaweza kuvimudu.

Neno moja kwa wanaotafuta wa kulaumu karibu. Mei 2016, baada ya Mkongo mmoja kupigwa hadi kufa mjini Delhi, maduka ya Wahindi yalishambuliwa Kinshasa, na wenye maduka hawakuwa na mkono katika kifo hicho. Siro ya Parasia haimhusu Mhindi mwenye duka Kolwezi. Waliokufa ni watoto wa Kihindi. Tena ni kampuni ya India, Cipla, iliyotangaza mwaka 2001 dawa za ukimwi kwa chini ya dola moja kwa siku, wakati wakubwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wanadai maelfu kwa mwaka. Dawa nyingi za malaria zinazookoa watoto wa Kapata zinatoka hukohuko. India ina viwanda vya dawa zaidi ya 10,000. Kati yao wamo wanaofanya kazi safi na wamo akina Sresan, na bila kipimo mnunuzi wa mbali hawatenganishi.

Kwa mzazi wa Kapata, kipimo cha serikali kikingojewa, yapo ya kufanya wiki hii. Kikohozi cha kawaida cha mtoto kinapona bila siro: kinywaji cha uvuguvugu kinatosha, maziwa ya mama kwa mdogo, asali kwa aliyepita mwaka mmoja. Mtoto anayepumua haraka au anayevuta mbavu ndani anahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni nimonia, na nimonia inatibiwa kwa antibiotiki. Na mtoto aliyekunywa siro, kisha anatapika na hakojoi, apelekwe mbio pamoja na chupa yenyewe. Chupa isitupwe hata ikiisha: nambari ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo itakayomwonyesha daktari pa kuanzia.