Ukileta chupa, leta na habari zake

Nimeadimika kidogo hapa kijiweni. Wiki tatu za likizo nilikuwa nyumbani Songea, pale Bombambili, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuosha chupa! Msicheke jamani. Nimerudi chuo jana usiku, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Mama mdogo ana kaduka ka kupima. Anauza asali, mafuta ya alizeti, siagi ya karanga na sabuni ya maji. Unakuja na chombo chako, unajaziwa, unalipia kilichomo. Asiye na chombo anapewa chupa ya kioo, zile za jamu na za kahawa ambazo majirani wanatuletea bure. Sio jambo geni kwetu. Nani kati yenu hajawahi kununua asali ndani ya chupa ya Konyagi? Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, tumezoea kutoka nyumbani na kikapu. Kutoka na chupa ni hatua ya pili tu.

Kuosha kwenyewe kuna utaalamu wake. Unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka lebo ilegee. Gundi ikigoma, unaipaka mafuta kidogo ya kula, unasugua na majivu kwa dodoki. Kisha unachemsha dakika 10. Lakini unatandika kitambaa chini ya sufuria na kuanza na maji ya baridi, maana kioo cha baridi ukikitumbukiza kwenye maji yanayochemka kinapasuka. Halafu unaziinamisha zikauke kabisa. Asali inayoingia maji huchachuka. Na kabla ya kujaza unapima kwanza chupa tupu kwenye mzani, la sivyo mteja atakuwa analipia kioo kwa bei ya asali.

Sasa sikilizeni kilichonikuta.

Wiki ya pili, mama mmoja jirani alituletea mfuko wa chupa 15. Tukashukuru sana. Nikaosha saba, nikachemsha, zikakauka, mama mdogo akazijaza asali, ile inayotoka misitu ya miombo upande wa Namtumbo. Kesho yake nikawa naosha zilizobaki. Nikabandua ule mpira wa ndani ya kifuniko kimoja, nikakuta unga wa kijivu umejificha, na harufu kali. Moyo ukafanya paa!

Nikatoka mbio hadi kwa yule mama. "Shikamoo mama. Samahani, hizi chupa ulikuwa unawekea nini?" Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Aa, mbili tatu nilikuwa naweka dawa ya mahindi, mwanangu. Lakini niliziosha." Zipi? Hakumbuki.

Wakati huo chupa moja ilikuwa imeshauzwa. Nilimtafuta mnunuzi mpaka jua likazama. Nashukuru Mungu, nilimkuta hajaifungua. Tulimrudishia hela yake, na chupa zote saba tukamwaga. Chupa ya nusu lita inaingia karibu gramu 700 za asali, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: ni karibu kilo 5. Nauli yangu ya kurudi chuo ilikuwa itokane na asali ile. Mama mdogo hakusema neno. Alikwenda kukopa.

Nilipowasimulia wenzangu hapa chumbani, mmoja akasema, "Si mlichemsha? Mnapoteza mali bure." Hapo ndipo tunapokosea wengi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini sumu haifi, kwa sababu haikuwa hai. Kioo chenyewe hakinyonyi, ndiyo, ila mpira wa kifuniko unanyonya na kuficha mambo. Na sisi hatuna maabara, tuna pua tu.

Mwingine akasema, "Lakini mtu anakupa bure, bado unamhoji?" Ndiyo, namhoji! Angalieni chupa za soda. Zinarudi kiwandani kwa kreti, zinaoshwa kwa mashine, na bado zinakaguliwa kabla ya kujazwa tena. Hao ni watu wanaojua chupa yao ilitoka na nini. Sisi tunapokea chupa iliyopita jikoni, stoo na shambani, halafu tuone aibu kuuliza?

Msimamo wangu ni huu: kumpa mtu chupa ambayo huwezi kusema ilibeba nini sio kutoa, ni kutupa. Umehamisha taka kutoka uani kwako ukaipeleka mezani kwa mtu mwingine, na juu yake ukapewa asante. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na chupa nazo ni hivyo hivyo. Simlaumu sana yule mama. Yeye hakuficha, sisi ndio hatukuuliza.

Sasa pale dukani tuna utaratibu. Kila anayeleta chupa anaulizwa ilikuwa na nini. Akisema jamu, karibu sana. Akisema hajui, tunamshukuru, na chupa hiyo inakwenda kuwekewa misumari, haikanyagi kwenye chakula. Ya dawa hatupokei kabisa. Zile 15 za mwanzo tulizivunja zote zisije zikarudi jikoni kwa mtu.

Kwa hiyo, wewe unayeweka mafuta ya taa kwenye chupa ya juisi huko hosteli, ukishaitumia usiipeleke popote. Na usimpe dada wa usafi ukidhani umemsaidia.

Nimemaliza. Mnasemaje wenzangu, nimekuwa mkali mno? Ngoja nikafue, kesho kipindi saa moja asubuhi.