Mtoto wa mchimbaji asome afya ya watu wote

Septemba 2023, aina mpya ya mpox ilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu. Mwaka 2024 ikafika Uvira, mahali kolera haitokaki.

Munganga anatibu mgonjwa aliyefika kwake. Aliyesoma afya ya umma anauliza sababu gani karyeri nzima inaugua: maji, vyoo, malazi. Shule ziko: École Régionale de Santé Publique ya UCB, Bukavu, na École de Santé Publique ya Unikin, Kinshasa.

Wazazi, mtoto akimaliza udaktari tunamwambiaka: leta feza sasa. Sisi tunasema: tumuache aombe master kwanza. Na kooperative zinazokusanyaka feza za memba zilipe minerval ya mtoto hata mmoja. Aliyekulia karibu na shimo anajua mahali pa kuangalia.