Zitoeni Sarafu Kwenye Plastiki Laini Kabla ya Masika

Kama una sarafu za zamani nyumbani, zikague leo kabla hujalala. Zikiwa zimepangwa kwenye zile kurasa za plastiki laini zenye vifuko, zinazonukia koti jipya la mvua, zitoe zote. Usisubiri kwanza upate fedha za kununua kasha la kisasa. Zilaze juu ya karatasi nyeupe safi, zisigusane, kisha ndipo utafute pa kuzihifadhi. Masika yakishaingia na unyevu ukapanda, uchafu ambao leo unaweza kuoshwa ukatoka utakuwa umeshaanza kuila shaba.

Plastiki hiyo ni PVC, ileile ya mabomba ya maji, ila imetiwa vilainishi ili ikunjike. Vilainishi hivyo havitulii humo milele. Penye joto huvuja taratibu na kutanda juu ya sarafu, na PVC yenyewe ikichakaa hutoa asidi ya haidrokloriki. Anayeishi Nairobi au Arusha, kwenye ubaridi, anaweza kukaa miaka mingi kabla hajaona kitu. Wa Mombasa, Tanga, Unguja na Mtwara hana muda huo. Kwake unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na usiku wenyewe ni wa joto.

Chukua pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, yenye mizani upande mmoja. Ishike kwa ukingo, uiinamishe chini ya taa. Dalili ya kwanza si ukijani. Ni utando wa ukungu: uso umefifia, na mwanga unapopita juu yake unaonekana kama umepakwa mafuta. Baadaye vidoa vya kijani hujitokeza pale penye vipembe, kwenye mikunjo ya herufi za Kiarabu na kwenye kamba za mizani, kwa sababu hapo ndipo ute unapojikusanya. Ukifikia hatua ya ute mzito wa kijani unaonata, chini yake huenda tayari pana mashimo, na mashimo hayana dawa.

Utando wa PVC unaondoka kwa asetoni halisi, ile inayouzwa na wauza kemikali. Dawa ya kufutia rangi ya kucha usiiguse, maana ina mafuta, rangi na manukato. Mimina asetoni kwenye bakuli la kioo, madirisha yakiwa wazi na pasipo moto wowote karibu, uache sarafu ilale humo, uibadilishe asetoni mara moja au mbili, kisha uiache sarafu ikauke yenyewe. Usisugue. Asetoni huyeyusha mafuta ya plastiki tu. Rangi ya uzee ya sarafu huiacha palepale.

Kuna ugonjwa wa pili wa shaba, na kwa watu wa pwani ndio ninaouogopa zaidi. Huu haunati. Ni unga mkavu wa kijani kilichopauka, unaochipuka kwenye kidoa kimoja. Ukiupangusa leo, baada ya siku chache umerudi. Chanzo chake ni kloridi, yaani chumvi ya bahari, ya udongo au hata ya jasho la vidole, iliyoingia ndani ya shaba. Ikipata unyevu na hewa hutengeneza asidi, asidi inakula shaba, na kloridi inabaki tayari kuanza upya. Haukomi mpaka unyevu ukosekane au shaba iishe. Sarafu yenye unga huo itenge siku hiyohiyo, iweke mahali pakavu kabisa, na wala usiuache unga wake uwadondokee wenzake. Tiba yake ni ya wahifadhi wa makumbusho, si ya jikoni.

Sarafu zilizotoka mchangani au baharini ndizo zinazougua hivi mara kwa mara, zikiwemo zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Kwa kuwa tumezitaja: aliyeokota ya namna hiyo ufukweni hajapata mali ya kuuza. Sheria za mambo ya kale zinamtaka aripoti, na kuripoti mapema pia ndiko kunakoiokoa sarafu yenyewe.

Tukija kwenye sarafu za fedha, habari inageuka, na hapa ndipo watu wanapoua sarafu nzima kabisa. Riale ya Maria Theresa iliyoandikwa 1780, rupia za Wajerumani, rupia ya Mombasa ya 1888, zote hubadilika rangi. Kinachozibadilisha ni salfa iliyomo hewani, hasa gesi ileile inayonuka mayai viza kwenye matope ya mikoko maji yakipwa. Inajenga juu ya fedha tabaka jembamba ajabu. Tabaka likiwa changa utaona manjano ya dhahabu, likinenepa huja wekundu wa zambarau, kisha buluu, na mwisho weusi. Weusi ule mzito ndio wa kuchukia. Rangi za mwanzoni ni za umri tu, na huko Marekani wakusanyaji wa sarafu hulipa bei ya juu zaidi kwa dola za Morgan zilizopata rangi hizo ndani ya mifuko ya nguo ya benki. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946, yenye simba na milima, ni robo tu fedha, kwa hiyo yenyewe hukolea rangi ya kijivu yenye mabaka. Iache hivyo.

Sasa anakuja kijana mwenye nia njema na ndimu, majivu, ukwaju au dawa ya meno. Anasugua, inang'aa, anapiga picha. Ndani ya dakika hizo amekwangua ngozi ya juu ya sarafu na kuacha mikwaruzo elfu inayoonekana kwa kioo cha kukuzia, na hakuna mnunuzi anayejua kazi yake atakayeilipa bei ya awali. Yule dalali anayekuambia uing'arishe kwanza ndipo aitafutie mteja, mwogope. Mwogope pia anayeuza fedha yenye rangi kali za upinde wa mvua zilizopita hata juu ya mikwaruzo mipya, maana rangi ya namna hiyo huwa imepikwa.

Pa kuziweka ni vifuko vya poliesta, vile vigumu kidogo vinavyotoa mlio ukivikunja, au vijaluba vya plastiki ngumu isiyo PVC. Mpira wa kufungia noti una salfa, uondoe. Bahasha za kaki, magazeti, vitambaa vya sufu na kasha la mbao mbichi navyo viondoke. Lile kasha la Kizanzibari la bibi ni zuri sebuleni, ila si makao ya sarafu. Vidonge vya kuulia nondo visiingie humo. Tumia boksi linalofunga vizuri, utie vile vifuko vya chembechembe za silika vinavyokuja na viatu, lakini kumbuka kwamba vilivyokaa wazi vimeshalewa unyevu na havifanyi kazi mpaka vikaushwe. Liweke boksi katikati ya nyumba, mbali na jiko, bafu na ukuta unaopigwa na mvua. Ukishika sarafu, shika ukingo.

Wengi wenye sarafu hizi si wakusanyaji. Ni watoto na wajukuu walioachiwa kopo au faili wakalifungia kabatini tangu siku ya matanga. Ukiwa mmoja wao, lifungue wiki hii, na umwambie kila aliye nyumbani asisugue hata moja.